Very Good Maana Yake Robo Bei

Kwa wakusanyaji wa santuri, kuambiwa mali yako ni "nzuri" ni karibu na tusi. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha jarida la Goldmine la Marekani. Juu kabisa ipo Mint, santuri isiyo na doa. Halafu Near Mint, VG+, VG, unashuka mpaka Poor. VG ni kifupi cha Very Good, lakini usidanganyike. Kwa Goldmine, VG+ ni kama nusu ya bei ya Near Mint, VG ni robo, na Good yenyewe ni asilimia 10 hadi 15 tu.

Kuipa santuri gredi si kuiangalia tu. Unaishika kingo, unaiinamisha chini ya taa kali, unatafuta mikwaruzo. Unapitisha ukucha taratibu: mkwaruzo unaonasa ukucha, huo utausikia. Unasoma namba zilizochongwa pale mifereji inapoishia, ujue kama ni toleo la kwanza au la kurudiwa. Mwisho unasikiliza, na hapo muziki wa elektroniki hauna huruma. Kwenye bendi nzima, magitaa na tarumbeta hufunika mengi. Lakini sauti moja ya sinthesaiza ikibaki peke yake hewani, hata punje ya vumbi inasikika.

Santuri iliyonifundisha haya ni ya Francis Bebey. Wapenzi wa riwaya za Afrika wanamjua kwa Le Fils d'Agatha Moudio, ya mwaka 1967. Mkameruni huyu alikuwa pia mwandishi wa habari, mpiga gitaa na mfanyakazi wa UNESCO, Paris. Alipoacha ajira miaka ya 1970, alijitosa kwenye vinanda vya umeme na mashine za kupiga ngoma, akavichanganya na sanza, ndugu wa ilimba ya Wagogo wetu. Muziki huo aliutoa kwa lebo yake mwenyewe, Ozileka. Baadaye sana, Born Bad Records ya Ufaransa iliukusanya upya, na vijana wa Ulaya wakaanza kuzisaka nakala za zamani.

Mjomba wangu alinunua yake akisoma Paris, akarudi nayo Dar. Mwaka jana aliamua kuiuza, ada ya mjukuu ilikuwa imembana. Mnunuzi akapatikana, yuko Ulaya, akauliza swali moja tu: gredi gani?

Nikaikagua. Upande A safi. Upande B, wimbo wa tatu, mkwaruzo umenasa ukucha.

"Mjomba, hii ni VG. Very Good."

"Si nilikwambia? Nimeitunza!"

Ikabidi nimweleze habari ya robo bei. Akanyamaza. Kisha akauliza kama mtu akiwa huko Ulaya anaweza kuuona mkwaruzo.

Swali hilo ndilo roho ya jambo lote. Ningeandika VG+, alama moja tu ya kujumlisha, bei ingepanda maradufu na ada ingelipika. Picha haionyeshi vizuri mkwaruzo wa namna ile. Lakini gredi ipo kwa sababu mnunuzi hana macho yake pale. Anaazima yangu. Mimi kazini naishi kwa kuazimisha macho kwa watu nisiowajua, sikuona namna ya kuwa na macho mawili tofauti.

Nilimuuliza mkwaruzo ulitoka wapi. Akacheka: wimbo ule ndio waliokuwa wakiurudia sebuleni, kila mtu ananyanyua sindano kwa mkono wake, wengine wameshalewa.

"Andika ukweli," akasema. "Ila usiandike imechakaa. Andika imechezwa."

Hapo ndipo ugomvi wangu na Goldmine ulipo. Kipimo chake kinajua kelele ni kiasi gani, hakijui zimetoka wapi. Santuri ya Near Mint mara nyingi ni ile ambayo haikumfurahisha mtu. Siwezi kukilaumu, kiliundwa ili watu wasiojuana waaminiane, na kwa hilo kinatosha. Hayo mengine sharti yaandikwe kwa maneno.

Basi niliandika VG, na chini yake sentensi mbili kuhusu wimbo wa tatu. Mnunuzi alilipa bei ya VG, hakuongeza hata senti. Ada ilipungua, tukachangishana wanafamilia.