Siku Moja Kasenyi

Jumamosi tulishuka na watoto kutoka Bunia hadi Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, kutazama ndege na wanyama wa kiangazi. Mdiria alisimama angani akipiga mabawa, akajitupa majini, akatoka na samaki mmoja. Mbali kidogo yalionekana masikio ya viboko. Hatukusogea, maana kiboko huua.

Penye mitumbwi tuliona beseni la kapiteni wadogo, wasiozidi kiganja. Kapiteni akiachwa akue anaweza kupita kilo 100. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, hawa wangezaa lini?" Tulinyamaza, kwa kuwa wanunuzi ni sisi.

Basi tukiwaona sokoni, tusiwanunue. Mvuvi akikosa mnunuzi, atabadili wavu.