Hadithi ya dada yangu

Leo naandika juu ya Aaron Sorkin, mtunzi Mmarekani, na juu ya kosa langu mimi.

Sorkin alizaliwa New York mwaka 1961. Alisomea maigizo chuoni, akataka kuwa mwigizaji, lakini haikumwendea. Akapata kazi ya kuuza vinywaji kwenye jumba moja la maonyesho la Broadway. Watu wakishaingia ndani kutazama, kaunta inabaki kimya, naye anachukua vile vikaratasi vya kupangusia mikono, anaandika.

Hadithi yenyewe aliipata kwa dada yake. Huyo dada alikuwa mwanasheria wa jeshi la majini. Alimweleza kwa simu kwamba anakwenda Guantanamo Bay kutetea askari walioshtakiwa kumtesa mwenzao. Ndipo likazaliwa igizo A Few Good Men, lililofika Broadway mwaka 1989 na kuwa filamu mwaka 1992. Baadaye akahamia televisheni. Mwaka 1999 alianzisha The West Wing, tamthilia ya rais na wasaidizi wake Ikulu. Misimu minne ya kwanza aliandika karibu vipindi vyote, na alikuwa mmoja wa wazalishaji wakuu. Ikashinda tuzo ya Emmy ya tamthilia bora miaka minne mfululizo.

Mimi niliposoma hayo nilishika neno moja tu: dada. Nikasema, kumbe hadithi iko nyumbani!

Dada yangu mkubwa alikuwa na mchumba. Yule kaka alipata ndege ya kwenda kuishi nje, akaahidi kumwita. Miezi michache alipiga simu, kisha kimya. Dada alinisimulia usiku, tukiwa wawili tu. Mimi nikaandika igizo, nikabadilisha jina lake peke yake. Tukalicheza Siku ya Wakimbizi. Watu walicheka sana pale msichana anapopanda kilima kila jioni kutafuta mtandao. Majirani wote walijua ni nani. Nilipoangalia kwenye mikeka, nafasi yake ilikuwa wazi.

Wiki tatu hakunisemesha. Chakula ananipikia, ananiwekea, anatoka.

Ndipo nikarudi kumsoma Sorkin vizuri. Katika ile kesi ya kweli, askari aliyeteswa alipona. Katika igizo anakufa. Mawakili na wakubwa wa jeshi, amewatunga upya. Alichukua swali tu: mtu akiamriwa kufanya ubaya, nani wa kulaumiwa? Mimi swali sikuchukua. Nilichukua machozi ya mtu, nikayapeleka uwanjani.

Nilimwomba dada msamaha, nikampa daftari. Alikaa nalo siku mbili. Alipolirudisha, pale kwenye kilima alikuwa amepiga mstari. Chini yake ameandika kwa peni: "Sikuwa natafuta mtandao. Nilikuwa natafuta mahali pa kulia watoto wasinione."

Wandugu, sentensi hiyo inapita yote niliyoandika mimi. Lakini sitaicheza mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo. Nimemwuliza. Bado anafikiri, na mimi nasubiri.

Ninyi mnaoandika kwenye kikundi chetu, mlishaomba ruhusa kwa wale mnaowaandika?