Nilitaka RTX 4060 ili niokoe tokeni, hesabu ikakataa

Wiki hii peke yake nimepata jumbe saba zinazouliza kitu kimoja: "Buda, nibadilishe GPU ama nikae na hii yangu?" Mmoja yuko Bumala na kadi yake ni pacha wa yangu. Mwingine amemaliza fomu foo juzi na mjomba wake ameahidi kumpa pesa, basi anataka nimtajie jina tu akanunue. Kwa hesabu zangu karibu wote wanatoa sababu ileile: kadi mpya zinakula stima kidogo, kwa hivyo zitajilipa zenyewe.

Hiyo sababu naijua vizuri. Niliitumia kwa mama yangu, na nusura inifilisi.

Kwa wageni wa hapa, mimi hufanya video za matanga. Usicheke. Hapa Busia mtu akifariki kuna ndugu yuko Qatar, kuna shemeji yuko Marekani, na wote wanataka kuona kila kitu, tena wapate na video nzuri ya maisha ya marehemu yenye picha na nyimbo. Harusi zipo pia, lakini harusi zina msimu. Hii ndiyo kazi inanilisha tangu niache chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Salio langu kule bado ni 41,300, na usipolipa hupati hata karatasi ya matokeo ya ile miaka uliyosoma. Mkumbuke hiyo namba, tutairudia.

Kadi yangu ni RX 580 ya 8GB. Ilitoka 2017. Mimi niliipata 2023 kama mtumba, wakati hizi kadi zilikuwa zimejaa sokoni. Sababu yake inajulikana: tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na waliokuwa wamejaza maghala nazo wakaanza kuziuza kwa bei ya kutupa. Kwa hivyo yangu huenda ilichimba sarafu usiku na mchana kabla ikutane na mimi. Bado inapiga kazi. Shida ni kwamba kiwango chake cha stima ni wati 185. RTX 4060, iliyotoka Juni 2023, ni wati 115, na kasi yake ni kama mara mbili ya hii yangu. Ukisoma hivyo vitu viwili pamoja usiku wa manane, mkono unaenda kwa M-Pesa wenyewe.

Sasa, kilichonifikisha hapo. Ijumaa moja usiku nilikuwa natoa video ya mzee wa Nambale aliyekuwa azikwe kesho yake. Imefika asilimia 71, stima zikapotea. Si tokeni, zilipotea mtaa mzima. Nikatoka nje nikasimama mlangoni. Ukiwa kwetu unaona taa za Busia ya Uganda zinawaka tu, watu wanakula rolex yao bila wasiwasi, na wewe upo gizani hatua chache kutoka kwao. Nilifikiria kubeba CPU nivuke. Halafu nikajiona nikimweleza afisa wa forodha saa tano usiku kwamba hii mashine iko na video ya marehemu ndani. Nikarudi kulala, ingawa sikulala.

Saa kumi na moja alfajiri nikaita boda (na ndiyo, hilo neno mnalotumia Afrika Mashariki nzima lilizaliwa hapa, kwa baiskeli za kuvusha watu boda mpaka boda), nikafika steji, nikapanda matatu ya Malaba na CPU mapajani kama mtoto. Binamu yangu ni fundi wa umeme wa malori pale. Yeye ana betri na invata kwa duka. Video ikatoka saa tatu na nusu. Kufika Nambale, muda wa kuionyesha ulikuwa umeshapita na mhubiri ameshika maiki. Familia ilinilipa nusu, na sikulalamika, kwa sababu mtu hazikwi mara mbili.

Nikarudi nyumbani na hasira, na hasira ikapata mtu wa kulaumu: kadi. Ingekuwa 4060, video ingetoka kabla stima hazijapotea. Tena ingekula kidogo, na mama angeacha kelele za tokeni. Mama huuza samaki kutoka Port Victoria na friza yake iko kwa mita moja na mimi. Tokeni zikiisha katikati ya wiki, mshukiwa ni mmoja.

"Hilo dude lako ndilo linamaliza tokeni zangu," akasema.

"Mama, nikinunua kadi mpya itakula kidogo."

Akaendelea kupara samaki. Halafu akauliza, "Kidogo ya shilingi ngapi?"

Nilikuwa chuo nikisomea mambo ya hesabu, jamani, na sikuwa na jibu.

Basi nikarudi Malaba kuazima kile kidude cha binamu cha kupimia stima, unakichomeka kwa soketi halafu unachomeka mashine yako juu yake. Nilipima siku nne. Kompyuta nzima pamoja na skrini, ikikaa tu bila kazi, wati 70. Nikikata na kupanga video, kama 150. Nikitoa video ama nikicheza gemu nzito, 290.

Nikasema nijipendelee, nijifanye natumia kadi kwa nguvu zote saa tano kila siku, ambayo si kweli. Tofauti ya 185 na 115 ni wati 70. Mara saa tano, mara siku 30: yuniti 10 na nusu kwa mwezi. Kwetu tokeni za 500 zinatupa kama yuniti 17, kwa hivyo yuniti moja ni karibu shilingi 30. Inakuja shilingi 315 kwa mwezi. Kwa mwaka, 3,780.

Bei niliyotajiwa ya 4060 ni 48,000. RX 580 yangu kuna mtu alikuwa ameahidi 10,000. Natoa 38,000 mfukoni. Gawanya kwa 3,780. Miaka kumi! Nitakuwa na miaka 32, na hiyo kadi itakuwa mtumba wa mtumba, ndipo ianze kunirudishia pesa.

Kuna wajanja watasema ukivuka wastani wa yuniti 100 kwa mwezi unahamishwa kwa daraja la bei ya juu. Ni kweli, na kama nyumba yenu iko pale mpakani mwa 100, yuniti kumi zinaweza kuwa na maana. Sisi na friza tulishavuka zamani. Kipimo kilipoenda kwa friza ndipo mama alinyamaza kidogo, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine na siandiki hapa kwa usalama wangu.

Nilipompigia binamu kumwambia hiyo miaka kumi alicheka sana. Akaniambia kitu ambacho sijakiona kwa video yoyote ya wale jamaa wa ng'ambo wanaopimiwa kadi za bure. Akasema nikija nitazame foleni ya malori Malaba, yale yanaenda Kampala mpaka Kigali na Juba. Kuna dereva anazima injini na kuna dereva anaiacha inanguruma saa nzima kwa nafasi moja. Lori ni lilelile. "Umeshawahi kuizima yako?"

Sikuwa nimewahi kuigusa. Kadi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa voltiji ya juu kuliko zinavyohitaji, ili hata ile chipu dhaifu kuliko zote ifanye kazi bila kukwama. Yako inaweza kuwa si dhaifu. Kwa AMD unafungua programu yao ya Adrenalin, unaenda sehemu ya kurekebisha kwa mkono, unashusha voltiji pole pole, kila hatua unajaribu na kazi nzito. Skrini ikiganda, unarudi hatua moja juu. Yangu ilikuwa milivolti 1150, nikaifikisha 1050 na nikapunguza kasi ya chipu kidogo tu. Msinakili hizo namba, kila kadi ina tabia yake. Watu wa Nvidia mna MSI Afterburner, ni ya bure.

Kwa soketi, 290 ikawa 240. Wati 50 zimeenda bila kutoa hata shilingi. Video ambayo ilikuwa inatoka kwa dakika 24 sasa inatoka kwa 25. Feni nayo imenyamaza, na mnajua joto la Busia mwezi wa pili. Kwa gemu nikafunga fremu zisizidi 60, kwa sababu skrini yangu yenyewe haionyeshi zaidi ya hapo. Kutoa fremu 140 kwa skrini ya 60 ndiyo ile injini inanguruma kwa foleni.

Sasa rudia hesabu. Kati ya kadi yangu ya leo na 4060 zimebaki wati 20. Ni yuniti tatu kwa mwezi, shilingi 90, kwa mwaka 1,080. Ile 38,000 itarudi baada ya miaka 35.

Lakini nisiwadanganye. 4060 ni kadi bora, mbali sana. Rafiki yangu anayo, na video yangu ileile ilitoka kwake kwa dakika tisa. Kama unatoa video za kulipwa kila siku, ama unarusha moja kwa moja na kadi yako inakwama watu wakitazama, hizo dakika ni pesa, nunua na usitafute kisingizio cha tokeni. Kadi yako ikifa, hapo pia hakuna mjadala. Na kama una kompyuta ya ofisi yenye pawa saplai ndogo, kuna RTX 3050 ya 6GB, wati 70, haihitaji hata waya wa ziada. Kitu kimoja tu, usidhani namba mpya maana yake ni stima kidogo. RTX 5060 ya 2025 ni wati 145, imezidi 4060 iliyotangulia. Soma wati, usisome jina.

Mimi kazi zangu ni mbili au tatu kwa wiki. Kilichoniangusha Nambale kilikuwa giza. Nikampelekea binamu hilo swali: nikitaka kumaliza kazi stima zikipotea, nifanyeje? Nilitaka aniuzie betri ya lori, akakataa. Betri ya lori ni ya kupiga injini mara moja na kupumzika, ukiichosha usiku kucha kila mara haimalizi mwaka. Akanipeleka kwa betri ya sola ya 100Ah. Kwa karatasi hiyo ni wati-saa 1,200, unatumia nusu ili isife mapema, invata inakula kidogo, unabaki na kama 500 za kweli.

Kwa wati 290 za zamani, hiyo ni saa moja na dakika arobaini na kitu. Kwa 240 za sasa, saa mbili na dakika tano. Na kama ningekuwa na 4060 kwa wati 220, saa mbili na dakika kumi na sita.

Dakika kumi na moja. Elfu thelathini na nane.

Nilinunua betri na invata yenye chaja yake, vyote 24,000. Jumamosi iliyopita stima zilipotea saa mbili usiku nikiwa na video ya Funyula, nikaendelea na kazi mpaka ikatoka, na taa za Uganda zikiwaka kule ng'ambo kama kawaida. Mama alikuja na tochi ya simu, akasimama mlangoni akiangalia skrini.

"Hiyo betri inaweza kushika friza?"

Nikamwambia kwa saa chache, ndiyo, lakini si pamoja na kompyuta. Akakaa kitandani kwangu kuwaza. Halafu akauliza kuhusu zile 14,000 zilizobaki, na kama nimepigia chuo kuuliza wanakubali kulipwa pole pole. Nimepiga Jumatatu, wamesema nitume barua pepe.