Mashine ya vyombo ilipolia, tulimtazama wifi



Leo tunakuleteeni kisa cha jikoni kwetu. Kilitokea Ramadhani iliyopita, na sisi wawili, ndugu wa tumbo moja, tumekubaliana kukisimulia bila ya kuficha kitu, kwa sababu waliokosea ndani yake ni sisi.

Kaka yetu alioa mwezi wa Rajabu. Mkewe akaja kuishi nasi kwa mama, Fuoni, mpaka nyumba yao imalizike. Baada ya harusi kaka akanunua mashine ya kuoshea vyombo, ya mtumba, katika vile vitu vinavyoletwa kutoka Dubai. Alisema nyumba ina watu tisa na Ramadhani iko mlangoni, si haki wanawake wasimame kwenye karo mpaka usiku wa manane. Mama hakuipenda. "Hiyo haijui masizi ya sufuria," alisema. Lakini alipoona sote tunawahi tarawehe, akanyamaza.

Wiki ya pili ya mfungo zikaanza kelele. Mwanzo ilikuwa tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Baada ya siku mbili ikaja nyingine, ya kusaga, kama changarawe zilizoingia kwenye kinu.

Tukatazamana. Hatukusema neno, ila kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini: wifi. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga vyombo kila siku, na yeye ndiye mgeni. Kesho yake tukamwambia mama, "Mashine ililetwa nzima, anayeishika ni yeye." Mama hakutujibu. Jioni, mbele yetu, akamwambia wifi kwa upole, "Mwanangu, hiyo mashine iache." Wifi akasema, "Haya, mama," akainamisha kichwa.

Usiku ule tuliamka saa nane kutayarisha daku. Jikoni taa inawaka. Wifi amesimama kwenye karo peke yake, vyombo vyote vya futari mbele yake, mfereji ameufungua kidogo tu ili maji yasimwamshe mtu. Kucha zake bado zilikuwa na hina ya harusi kwenye ncha. Alipotuona alishtuka kama aliyefumaniwa. "Sitaki mama aamke akute vyombo," alisema. "Na ile mashine, wallahi sijui nimeifanya nini."

Hatukuwa na la kumjibu. Yeye alikuwa ameshaamini kuwa kosa ni lake, na sisi hata kuifungua mashine kuitazama ndani hatujafanya.

Baada ya Alfajiri tukaifungua. Kwanza tulichomoa plagi ukutani, kwa sababu maji na umeme havina mzaha, tukafunga na koki ya maji. Tukavaa glavu. Tukavuta nje kichanja cha chini, kisha tukauzungusha kwa kidole ule mkono wenye matundu unaorusha maji. Ulizunguka vizuri. Tulipokirejesha kichanja na vyombo vyake vya jana na kuuzungusha tena, ukagota. Mpini wa upawa ulikuwa umepenya chini, kati ya nyaya za kichanja. Hiyo ndiyo tak, tak yetu. Na upawa ule tulikuwa tukiuchomeka sisi, kila siku, baada ya wifi kumaliza kupanga.

Tukatoa vyombo, tukalichomoa chujio lililo chini, ambalo kwenye mashine nyingi huzungushwa kidogo na kutoka. Maji yaliyobaki tukayakausha kwa sponji, tukamulika kwa tochi ya simu. Ndani ya chujio mlikuwa na miiba ya samaki na mabaki ya tambi. Chini yake, karibu na mdomo wa pampu, zilikaa kokwa mbili za tende na kigae cha bilauri chenye ukingo wa dhahabu.

Kigae kile tulikijua. Siku ya tatu ya mfungo mmoja wetu aliivunja bilauri ya mama ya maji ya ukwaju, juu ya mashine iliyokuwa wazi. Tulifagia sakafu, tukavitupa vigae jaani, tukakubaliana mama asiambiwe. Kuangalia ndani ya mashine hakukutujia akilini.

Kabla ya kumaliza kisa, tuziandike sauti tulizozijua tangu siku ile, zikufaeni na nyinyi.

Si kila sauti ni ubaya. Maji yakiingia hufoka, yakirushwa hupiga kama mvua kwenye kuta za mashine, na yakitolewa pampu huvuma kidogo. Katikati utasikia "tap" moja: ni kile kijumba cha sabuni kinafunguka.

Mgongano wa mara kwa mara, wenye mwendo mmoja, mara nyingi ni mkono wa maji unapiga chombo: mwiko, sinia iliyosimama juu mno, kishikio cha sufuria. Panga upya, uzungushe kwa kidole kabla ya kufunga mlango. Vyombo vinavyogusana navyo hulia, viachie nafasi.

Sauti ya kusaga ni kitu kigumu kwenye pampu: kokwa, mfupa, kigae. Zima hapo hapo, usiisubiri imalize, kwani kinachosagwa kinaweza kuiharibu pampu yenyewe.

Ikivuma muda mrefu na maji hayatoki, tazama mpira wa kutolea maji usiwe umekunjika nyuma, au pampu ya kutolea isiwe imekabwa na kitu.

Ikipiga kishindo kwenye bomba kila inapokata maji, presha ni kubwa. Jaribu kuipunguza koki kidogo. Na ikinguruma kama inayonyonya hewa, angalia tangi. Huku kwetu maji hukatika, na mashine isiyopata maji ya kutosha haiwezi kufanya kazi yake.

Wenye maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yatazameni na matundu ya ule mkono. Yakiziba, yazibueni kwa kijiti cha meno. Mashine nyingi zina pahala pa kutia chumvi maalumu ya kulainisha maji. Chumvi ya kupikia si badala yake.

Ukishasafisha vyote hivyo na bado inanguruma, na mngurumo unaongezeka kila siku, hapo muite fundi. Usifungue zaidi ya pale mkono wako unapojua.

Sasa turudi kwetu. Tungeweza kukitupa kile kigae, mashine ikanyamaza, na wifi akabaki na lawama yake. Kwa kweli wazo hilo lilitupitia. Lakini sote tumesoma Suratul Hujuraat, aya ya 12, inayotuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, na tulikuwa tumefunga. Njaa na kiu tuliviweza, ulimi na dhana vikatushinda.

Lawama tuliitoa jikoni mbele ya mama, basi na radhi tukaiomba jikoni mbele ya mama. Tulikiweka kigae mezani, tukasema kila kitu: bilauri, upawa, na maneno tuliyoyapeleka. Wifi alianza kulia, sisi tukamfuata. Mama alikigeuzageuza kile kigae, akasema, "Kumbe bilauri yangu imeishia huku." Kisha akamshika mkono mkamwana wake. "Mwanangu, nisamehe na mimi. Nilikuondosha bila ya kukuuliza."

Jioni ile baada ya futari mama mwenyewe alizikusanya kokwa za tende kutoka kila sahani, akazitia kwenye kikopo. Kikopo kile kipo mpaka leo kando ya karo, na kila mtu, hata kaka, hukung'uta sahani yake kabla ya kuileta.

Biharusi mpenzi, ukiingia nyumba ya watu na kitu kikaharibika mkononi mwako, usikubali kosa usilolijua kwa kuogopa. Sema kwa adabu, "Tukitazame pamoja." Na sisi tuliomo ndani, mawifi na mama wakwe, tufungue kwanza chujio kabla ya kufungua midomo.

Allah atusamehe dhana zetu, azitie nyumba zetu utulivu na mapenzi. Aamin.