Ngazi ya Nyumbani: Mbao, Alumini au Faibaglasi?

Kila Shaaban inapoingia, nyumba zetu za Mombasa huanza kujitayarisha kwa mwezi mtukufu: kuta hupakwa chokaa, mapanka hufutwa vumbi, na tangi la maji lililo juu ya sakafu huoshwa. Kazi zote hizo zahitaji ngazi. Ile yetu ya boriti za mikoko ilikuwa imelegea vidato, nami nikapewa jukumu la kuchagua nyingine. Sikulichukulia kuwa jambo dogo, kwani atakayepanda ni mwanangu.

Ngazi ya mbao ni imara na bei yake ni nafuu. Lakini ni nzito, na unyevu wa pwani huiozesha. Wanaojua huipaka vanishi isiyo na rangi, kwani rangi huficha nyufa. Ya chuma niliiacha, maana hewa ya chumvi huila kwa kutu. Alumini ni nyepesi, hata mwanamke aweza kuibeba peke yake, ila hupitisha umeme. Mbao nayo ikilowa hupitisha. Faibaglasi, ikiwa kavu na safi, haipitishi. Bali ni ghali, ni nzito kuliko alumini, na jua kali huichakaza ikiachwa nje.

Mume wangu alipendelea alumini kwa wepesi na bei yake. Nilimpandisha juu, nikamwonyesha nyaya za umeme zipitazo karibu na ukuta wetu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mama watoto, tununue ya faibaglasi." Hata hiyo haitupi ruhusa ya kuzikaribia nyaya.

Ngazi njema nayo yataka kuwekwa vyema. Ikiegemea ukuta futi 12 kwenda juu, miguu yake iwe futi 3 kutoka ukutani, juu ya ardhi iliyo sawa. Ukipanda darini, ipite ukingo kwa futi 3 ili upate pa kushika. Apandaye asibebe ndoo mkononi. Aivute baadaye kwa kamba.

Dada zangu, fundi tunayemwita naye ni mtoto wa wenyewe. Akisimamisha ngazi ya alumini chini ya nyaya, tumzuie kwa upole. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakutuondolei wajibu wa kuzihifadhi nafsi, yake na zetu.