Haki ya Mja

Ndugu msomaji, mwaka 2006 niliingia chumbani mwa mwanangu nikakuta kasha limejaa CD: taarab, dansi, rumba ya Kongo, bongo fleva. Nikamkemea kwa nyimbo zile. Akanijibu kwa adabu, "Baba, hizi sizisikilizi. Nazinakili, nauza." Nikapoa, nikidhani jambo limepungua uzito. Kumbe ndipo lilipozidi.

Usiku ule nikamkumbuka marehemu Siti binti Saad. Mwaka 1928 alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Na mwanangu, kwa dakika chache tu, alikuwa akinakili jasho la mtu katika kisahani cha sentimita 12, na mwenyewe haambulii hata senti.

Asubuhi nikamketisha nikamwambia: Dhambi iliyo baina yako na Mola wako, toba ya kweli huifuta. Ama haki ya mja, haifutiki mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe.

Akainamisha kichwa, kisha akauliza, "Na ile CD ya kasida tunayoisikiliza kila Maulidi, Baba, tuliinunua kwa nani?"

Nikanyamaza. Niliinunua mimi, kwa mchuuzi wa barabarani, nakala ya wizi, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Mwanangu aliacha biashara ile. Nami nilimtafuta msomaji wa kasida zile, nikampa haki yake, nikamwomba radhi.

Basi nawe, msomaji wangu, kabla hujamfumbulia mwanao kinywa, fungua kwanza kabati lako.