Arusha: Mji wa watalii ulikohukumiwa daktari

UKIVUKA mpaka pale Namanga na kuelekea kusini, utaulaki Mlima Meru kabla ya mji wenyewe. Ukishuka kituoni Arusha, mawakala wa safari za mbugani watakuzingira. Lakini kabla hujakimbilia simba wa Serengeti, ndugu msomaji, tembea kwanza hadi Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, maarufu kama AICC.

Katika majengo hayo ndimo Umoja wa Mataifa ulimosikiliza kesi za mauaji ya kimbari yaliyotokea Rwanda mwaka wa 1994. Walioshtakiwa ni watu 93, wakiwemo mawaziri na wakuu wa jeshi. Hata hivyo, ipo kesi moja itakayomgusa kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto hospitalini.

Mshtakiwa alikuwa Dkt Gérard Ntakirutimana wa hospitali ya Mugonero, magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994, umati wa Watutsi ulikimbilia hospitali hiyo na kanisa lililo jirani, ukiamini kwamba penye dawa na sala pana usalama. Tarehe 16 walivamiwa na kuuawa.

Kesi ilianza Septemba 2001. Daktari alishtakiwa pamoja na babake mzazi, Mchungaji Elizaphan. Mashahidi wengi walifichwa wasionekane na umma, wakatajwa kwa herufi tu badala ya majina. Waliyoyasema kwa Kinyarwanda yalitafsiriwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Daktari alikana mashtaka, akadai kwamba siku hiyo alikuwa ameondoka Mugonero tangu asubuhi.

Majaji hawakumwamini. Februari 2003 walisema wameridhika kwamba alimpiga mtu risasi katika ua wa hospitali ile ile aliyotibu wagonjwa. Alifungwa miaka 25, na babake miaka 10. Rufaa ya 2004 ilitengua baadhi ya mashtaka, lakini vifungo vikabaki vile vile.

Mahakama hiyo ilifunga milango Desemba 2015, na mwaka uliofuata ofisi iliyoirithi ikafunguliwa Lakilaki, nje kidogo ya mji.

Kwa hivyo, mkienda Arusha na watoto, wapitisheni AICC. Waelezeni kwamba koti jeupe la daktari halikumkinga mwenyewe na sheria, na kwamba mashahidi wasio na majina ndio waliowezesha haki kupatikana. Twiga nao watawangoja.